Baiskeli Yetu ya Kulalia Haiuzwi

Jumatatu, 6 Oktoba

...na ndiyo maana nasema haiuzwi. Nilimwambia hivyo Merryl jikoni, kwa upole. Hapa naandika kwa sauti nzito zaidi.

Wiki tano za ndoa. Mke wangu ana shingo nzuri kuliko zote katika jimbo la Victoria, na ni mimi ninayeitazama. Baiskeli yetu ni ya watu wawili: magurudumu matatu, viti viwili vya kulalia kama vya ufukweni, yeye mbele na usukani, mimi nyuma yake na furaha yangu. Nyuma yangu tela. Ndani ya tela, mbwa. Wake ni Sajenti, kelpie wa kuchunga kondoo, aliyestaafishwa shambani kwa kuzidisha bidii. Wangu ni Pudding, corgi mnene kama mto wa kitandani.

Kabla yangu Merryl aliendesha yake peke yake, na kila Jumapili, klabu yetu ya baiskeli za kulalia ikitoka, alifika wa kwanza. Sasa tunafika wa mwisho. Jana tulipofika duka la mikate la Tallandra, pai zote za nyama zilikuwa zimeshaliwa. Tukirudi akasema taratibu kwamba Jumapili ijayo Neville wa klabu akitutangulia tena, tunaiuza hii, kila mtu anunue yake.

Kila mtu yake! Nitamwona mpaka kona ya kwanza. Baada ya hapo mimi ni mgane mwenye mke hai.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekutana na Neville Hoskin posta. Katibu wa klabu, ana miaka sitini na minane, vigimbi vyake kama mikate miwili. Akaniuliza kama Jumapili tutaleta na kabati, maana mbwa wameshakuja na makochi tunayo. Nikacheka kistaarabu. Nilikuwa nimeshafika nyumbani ndipo nikapata jibu. Jibu zuri sana. Halina kazi tena.

Nimetafakari. Kinachotuchelewesha si miguu yangu. Ni magpai. Ndege hawa wakiwa na makinda wanamshambulia kila mwendesha baiskeli, na Merryl hupunguza mwendo kwenye mikaratusi yao. Kila mtu hapa anajua dawa yake: unachora macho makubwa nyuma ya helmeti. Magpai akidhani unamwona, haji.

Nimechora macho manne usiku kucha. Kope pia. Ya Merryl nimeyapa wanja kidogo, kwa mapenzi.

Jumatano, 8 Oktoba

Majaribio. Hayakwenda vizuri.

Sikukumbuka kwamba sisi tunalala. Nyuma ya helmeti ya Merryl hakutazami mti wala mbingu. Kunanitazama mimi. Kilomita tisa nimekodolewa macho na wanja wa mke wangu, na shingo sikuiona hata kidogo. Macho ya helmeti yangu nayo yaliwatazama mbwa. Pudding alilia kama aliyeona jini. Sajenti alikubali changamoto, akanirudishia jicho, hakupepesa mpaka mwisho wa safari.

Magpai alitokea mbele. Akachagua kunidonoa pua.

Merryl amenibandika plasta. Ameniita mpumbavu wake. Wake! Nimefurahi hadi nikasahau maumivu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kupunguza uzito. Nimetoa kwenye tela blanketi, bakuli, na kiti cha kukunja ambacho hakuna aliyekumbuka kwa nini kimo. Nimemnyima Pudding chakula cha jioni. Pudding amekula plasta yangu, na soksi.

Halafu wazo likaja lenyewe, nikipiga mswaki. Mbwa wawili tunawavuta kila wiki. Kwa nini wao wasituvute sisi?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeshona hatamu kwa mikanda yangu miwili. Suruali naishika kwa mkono. Merryl ameuliza kuna nini. Nimemwambia ni zawadi. Amenibusu, akasema anaziogopa zawadi zangu. Mcheshi sana mke wangu.

Jumapili, 12 Oktoba



Tulikutana Yarrick saa tatu asubuhi, watu kumi na watatu. Neville alipoona mbwa wamefungwa mbele alisema kumbe sisi sasa ni gari la takataka la enzi za babu yake. Merryl aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina akili. Nikamwomba aniamini. Aliangalia mbwa, akaniangalia mimi, akashika usukani.

Pudding alikaa chini baada ya hatua sita. Nikampakata. Lakini Sajenti! Njia ile zamani ilikuwa ya reli, imenyooka, na yeye aliivuta kama deni la moyo. Tuliwapita wote. Tulimpita Neville. Nilimpungia mkono, suruali ikashuka, nikashusha mkono.

Kilomita tatu kabla ya Tallandra, Sajenti aligeuka nyuma. Akaona vitu kumi na kimoja vya chini chini, vimetawanyika njiani ovyo. Dhamiri yake haikuweza kuvumilia. Akatafuna mkanda wangu, akarudi mbio.

Mtu akilala kwenye baiskeli hizi, uso wake uko sawa na wa mbwa. Sajenti alizunguka kwa mbali, akainama, akawatazama mmoja mmoja. Wakasogea. Kando ya njia kuna zizi la kondoo, lango wazi. Akawaingiza humo kwa mpangilio, bila kumng'ata mtu. Neville alisema yeye ni katibu. Sajenti akamsogeza na katiba yake. Kisha akalala langoni, ulimi nje, uso wa mzee aliyerudishwa kazini.

Nilisubiri Merryl akasirike. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka, hawezi kupumua. Akasema tukanyage, kabla hajajikojolea.

Tulifika wa kwanza. Pai mbili, meza ya dirishani. Akala nusu yake. Kisha akasema miaka minne alifika wa kwanza, akala peke yake, akimwangalia mwuza mikate akifuta meza. Haiuzwi, akasema. Nikamsogezea nusu ya pai yangu.

Halafu tukarudi kuwafungulia. Waliyosema siyaandiki.

Jumatatu, 13 Oktoba

Klabu imetusimamisha hadi Krismasi. Merryl amesema ni sawa, tutaendesha wawili tu. Wawili tu! Amenitaka niape: mbwa hawatavuta tena kitu chochote, milele. Nimeapa, mkono kifuani.

Jumanne, 14 Oktoba

Jioni nimemwona anasugua magoti kwa dawa ya kuchua. Kanivuta mimi milima yote hiyo, malaika yule, bila kulalamika. Mume gani anaangalia hivyo akakaa kimya?

Nimeapa kuhusu mbwa. Kiapo ni kiapo, na mbwa hawahusiki.

Nimempigia simu bwana mmoja nje ya Yarrick anayefuga ngamia. Anasema mkubwa wao ni mpole, hapendi tu kelele, wanaume, na vitu vyenye magurudumu. Kila mnyama na tabia zake. Nimemwahidi tutapita kuwasalimia, yeye na ngamia, kabla mwezi huu haujaisha. Merryl nitamwambia ni zawadi.