Kampuni Itajibu Yenyewe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nashukuru, leo nimeamka na bahati. Mwalimu mkuu wa chekechea ameiona aproni ya kuchorea rangi niliyomshonea mdogo wangu, naye anataka za watoto wote. Alimwambia Mama, si mimi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sharti ni moja: shule hainunui kwa mtu, inanunua kwa biashara iliyosajiliwa. Nipeleke cheti kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo kazi anapewa Fundi Suruali wa pale kona.

Nikiikosa, Jumatatu ijayo naanza kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mjomba. Kaunta. Kutwa nzima kuulizwa bei ya misumari na watu wenye haraka. Namshukuru sana mjomba kwa kunijali. Nikiiwaza kaunta yake, natafuta pazia.

Mchana nimefungua kitabu cha somo la biashara. Kinasema kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria. Ina mali yake, ina madeni yake, ikishtakiwa inajibu yenyewe. Inajibu yenyewe. Kwa nini hakuna aliyeniambia mapema? Nitasajili kampuni, halafu iongee yenyewe na watu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Binamu yangu amesikia. Tunamwita Redio kwa sababu hana swichi. Anataka tufanye ubia, jina lake litangulie kwa kuwa yeye ni dada yangu mkubwa, amenipita miezi miwili. Kitabu kinasema katika ubia ahadi ya mmoja inawafunga wote. Juzi Redio aliwaahidi majirani mapazia, na kutunga uzi kwenye sindano hajui. Nimekataa kwa adabu. Yaani nimeingia jikoni kuosha masufuria masafi mpaka akachoka kunisubiri.

Mama akauliza kwa nini nisisajili biashara ya mtu mmoja, nyepesi, haina mambo mengi. Nikamweleza kwa upole kwamba ubaya wa biashara ya mtu mmoja ni huyo mtu mmoja. Alinitazama sana. Kisha akaitia cherehani yake mafuta, akaisogeza upande wa kitanda changu. Nina mama, jamani.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Ofisi ya usajili. Karani wa dirishani, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akauliza anisaidie nini. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nikasema kampuni inaomba kusajiliwa. Akauliza wakurugenzi ni kina nani. Nikasema hawapo, kampuni itajisemea yenyewe. Akaniomba nirudie kwa sauti, kioo cha dirisha ni kinene. Nikarudia. Foleni nzima ikasikia. Baba mmoja nyuma yangu akauliza hiyo kampuni imekuja leo au imebaki nyumbani na watoto.

Karani hakucheka. Nitamshukuru maisha yangu yote. Akanieleza polepole kwamba kampuni ni mtu wa kwenye karatasi, mdomo haina. Kila neno lake husemwa na mkurugenzi. Kila mwaka kuna taarifa za kuwasilisha, na zikiwa na kasoro anayeitwa ni mkurugenzi. Akasema, "Mwanangu, ukiisajili utakuwa unasemea watu wawili."

Kumbe nilikuwa karibu kumleta duniani mtu mwenye haya kuliko mimi. Nikasema asante, nikatoka. Nikasahau mwavuli. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Sikurudi kuuchukua. Ningelazimika kueleza wangu ni upi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimekwenda na Redio awe mdomo wangu. Njiani nikamkumbusha: aproni tu, mtu mmoja, mimi. Akasema tulia mwenzangu, umempata mtaalamu. Kufika dirishani akasema tunashona aproni, mapazia, nguo za harusi na mahema. Karani akauliza mahema ya watu wangapi. Redio akajibu inategemea na harusi. Kisha akatangaza kwamba ni ubia, na jina lake ndilo linatangulia. Kalamu ya karani ikagusa karatasi.

Nikasikia mtu anasema hapana. Ni aproni tu, ni biashara ya mtu mmoja, na huyo mtu ni mimi. Kumbe nilikuwa mimi. Sauti ilipita kioo, ikapita foleni, mlinzi wa mlangoni akageuka. Karani akauliza jana sauti hiyo niliiacha wapi, au niliisahau pamoja na mwavuli. Akautoa chini ya meza. Ulikuwa umekauka na kukunjwa vizuri.

Jina nililolitaka, Aproni Bora, limeshachukuliwa. Jana. Na Fundi Suruali. Nikamtazama Redio. Redio akatazama dari, akasema alimdokezea tu kwa ujirani mwema. Nimesajili Aproni Tulivu. Wino wa muhuri ulikuwa mbichi, nikakibeba cheti kama sinia lenye vikombe. Redio alinishikia mwavuli njia nzima, yeye akaloa chapachapa. Nimeshindwa kumkasirikia.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimemkuta Fundi Suruali kwenye benchi la ofisi ya mwalimu mkuu, na cheti chake. Nikamwamkia, akaitika. Aproni yake ina zipu mbele na vitanzi vya mkanda. Mtoto aliyevalishwa alishindwa kutoka ndani yake. Zipu iling'ang'ania, ikabidi avuliwe kwa kupitia kichwani huku analia. Yangu ina kamba mbili. Nimepewa kazi.

Fundi Suruali akanipa mkono. Akasema aproni zangu hazina heshima kiunoni, ila mshono umenyooka. Akaniazima mkasi wake mkubwa. Nimeupokea kwa mikono miwili.

Mjomba amefurahi kuliko mimi. Akasema anataka aproni za wafanyakazi wake wote. Niende Jumatatu dukani tuelewane. Pale kwenye kaunta.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nina watu wema mno. Ndiyo maana sitaki kuwachosha kwa kukosa maneno mbele yao.

Kitabu kina sura niliyoiruka: ushirika. Wanachama wote ni sawa, na mambo huamuliwa kwa kunyoosha mikono. Hakuna anayelazimishwa kusema. Kwa nini hakuna aliyeniambia mapema? Redio atakuwa mwenyekiti, Fundi Suruali mweka hazina, na wa kwenda kaunta kwa mjomba atapigiwa kura. Mama nimemwandikia barua ya kumwalika kwenye mkutano mkuu wa kwanza, nikaipenyeza chini ya mlango wake.

Ameshaiona. Anauliza kwa sauti imetoka kwa nani.

Nimekaa kimya. Ushirika utajibu wenyewe.