Hakuna Arifa Itakayopuuzwa

Mwaka 2019, mvua za vuli zilipoanza kujaza maji katika maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, Serikali ya Kijiji cha Itongora, wilayani Tarime, ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ile hakuna arifa yoyote itakayopuuzwa ndani ya mipaka yake. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, na kwenye nguzo ya mwaloni, pale wachimbaji wanapooshea mchanga wao. Lilikuwa na mihuri mitatu. Kijiji kilikuwa na muhuri mmoja tu, lakini uligongwa mara tatu.

Aliyeliandika ni Mwalimu Verdiana, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, aliyefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na sita na kustaafu bila kuwahi kukiri kosa, kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, nafasi haikujitokeza. Watu wa mradi wa kusaidia wachimbaji wadogo walipoileta kompyuta mpakato kijijini, wajumbe walitazamana, kisha wote wakamtazama yeye. Ndiye pekee aliyekuwa na cheti cha kupiga chapa, cha mwaka 1974. Hapo hapo akachaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kupokea, Kuheshimu na Kujibu Arifa. Aliukubali wadhifa huo kwa unyenyekevu, baada ya kusahihisha hati ya uteuzi.

Kompyuta ile ililetwa kwa sababu moja. Dhahabu ilikuwa imeonekana katika kilima kilicho nyuma ya kijiji, na maombi ya vitalu vya kuchimba yalikuwa yakipokelewa na kujibiwa kwa mtandao. Kikundi kimoja tu cha Itongora kilikuwa kimeomba: wanawake kumi na wanane walioponda mawe ya wenye maduara, wakiongozwa na Bhoke, mjane mwenye viganja vigumu kama gome la mti. Katika kila ndoo kumi walizoponda, moja ndiyo iliyokuwa yao. Sasa walitaka jiwe wanalolivunja liwe lao. Jibu lingekuja kama arifa katika kompyuta ya kijiji, na lingetakiwa kuthibitishwa ndani ya siku saba. Lisipothibitishwa, kitalu kingekwenda kwa mwombaji anayefuata, tajiri mmoja wa mjini ambaye hakuwahi kushika nyundo hata ya kugongea msumari.

Kazi ilianza vizuri. Mwalimu Verdiana alifungua kivinjari na, akiwa njiani kuelekea ukurasa wa vitalu, akapitia kwanza ukurasa wa bei ya dhahabu. Kisanduku kikashuka kutoka pembeni: *Tovuti hii inaomba kukutumia arifa.* Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ruhusu na Zuia.

Waitara, Mtendaji wa Kijiji, alikuwa ameinama nyuma ya kiti chake. "Tunafanyaje, Mwalimu?"

"Mtu akisimama langoni pako akabisha hodi, unamjibu nini?"

"Karibu."

"Humwambii 'zuia'?"

"Labda awe mlevi."

"Huyu ameandika kwa adabu, tena ameomba. Mlevi haombi." Akabonyeza Ruhusu.

Ukurasa wa pili nao ukabisha hodi. Wa tatu vilevile. Mwalimu alilelewa katika boma ambalo mgeni hakuulizwa shida yake kabla ya kunywa uji, naye hakuwa tayari kuuvunja utaratibu huo mbele ya mashine. Kufikia Ijumaa alikuwa amekaribisha tovuti sitini na tatu.

Wageni hao hawakuwa wachoyo wa maneno. Waliarifu juu ya viatu vilivyopunguzwa bei huko Ureno. Waliarifu juu ya mwanamke aliyeolewa na pacha wa mumewe. Kila dakika arifa ilichungulia kwenye kona ya chini ya kioo, ikalia *ting*, ikatoweka. Kamati ilizinakili zote katika Daftari la Arifa, ikazipa namba, ikazijadili na kuzijibu kwa barua. Jibu la arifa namba 58 lilisomeka hivi: "Ndugu Punguza Kitambi, salaam. Arifa yako ya saa nne na dakika tano asubuhi imepokelewa. Kamati imekitafakari kitambi husika na kubaini kwamba kiko chini ya mamlaka ya Mtendaji. Hatua stahiki zitachukuliwa." Barua ilipigwa muhuri na kuhifadhiwa katika jalada, kwa kuwa Ndugu Punguza Kitambi hakuwa ameacha sanduku la posta.

Wiki ya pili ikaja arifa namba 640, yenye maandishi mekundu: *HATARI! Kompyuta yako imevamiwa na virusi 13. Chukua hatua sasa!*

Waitara aliisoma mara mbili. "Imevamiwa," alisema.

Huko Ukuryani neno hilo lina dawa moja tu. Waitara alitoka nje, akasimama juu ya kichuguu, akapiga yowe. Haikupita robo saa, wanaume arobaini walikuwa uani pa ofisi wakiwa na pinde, sime na marungu, na mbele yao Mzee Mokami, ambaye alikuwa amefuatilia nyayo za wezi wa ng'ombe tangu kabla Mtendaji hajazaliwa.

"Wamepita upande gani?" aliuliza Mokami.

"Hawajapita, Mzee. Wamo ndani."

"Wangapi?"

"Kumi na watatu."

Mokami aliitazama ile kompyuta, akaitazama meza, akamtazama Waitara. "Mura, kijana wangu, humo ndani wanaenea?"

"Ndivyo ilivyoarifiwa," alijibu Mwalimu Verdiana, na kwa kuwa ni yeye aliyemfundisha Mokami kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima, mjadala ukaishia hapo.

Waliizingira meza kwa saa mbili, pinde zikiwa zimevutwa. Betri ikaisha, kioo kikawa cheusi.

"Wamezima taa," alinong'ona Mokami. "Wametuogopa."

Muhtasari wa Kamati uliandika: wavamizi walidhibitiwa, hakuna ng'ombe aliyepotea.

Tatizo lililobaki lilikuwa la kiutumishi. Arifa zilikuwa mia tatu kwa siku, na Kamati ilikuwa na watu wawili, mmoja akiwa na kazi ya muhuri. Mwalimu Verdiana alitafuta nguvu kazi inayojua kusoma na iliyo karibu. Akaipata mwaloni. Kwa amri ya kijiji, wanawake kumi na wanane wakaacha nyundo zao na kupangwa sakafuni ofisini, kila mmoja na kalamu, wanakili arifa.

"Mwalimu, shikamoo," alisema Bhoke asubuhi ya kwanza. "Na mawe yetu ataponda nani?"

"Marahaba. Mawe hayaozi, Bhoke. Arifa zinaoza."

"Watoto nao wanakula siku gani?"

"Hilo liandikie barua. Litapewa namba."

Bhoke aliketi. Aliona ni heri akae karibu na mashine, maana jibu la kitalu lingepita hapo hapo. Akawa ananakili kwa mkono huku macho yakiwa kwenye ile kona ya chini ya kioo. Siku ya nne, baina ya arifa ya mafuta ya kuotesha nywele na arifa ya mechi, *ting* ikalia, na akaona neno moja kabla halijatoweka.

"Kitalu!" Alisimama ghafla, daftari likaanguka. "Mwalimu, ile ni yetu! Fungua, imeandikwa kitalu!"

Mwalimu Verdiana alishusha miwani. "Imepewa namba ngapi?"

Rhobi, mponda mawe mwenzake aliyekuwa akigawa namba, alipekua karatasi zake. "Elfu mbili mia nane na arobaini na sita."

"Nasi tunashughulikia ya ngapi?"

"Mia tisa na kumi na moja."

"Basi itafikiwa kwa zamu yake."

"Zamu gani, Mwalimu? Tuna siku saba!"

"Bhoke, nimesimamisha watu mstari kwa miaka thelathini na sita. Mtoto wa diwani alikaa nyuma ya mtoto wa mchunga mbuzi. Leo nikiruhusu kitalu kiruke foleni, kesho kitambi nacho kitadai haki hiyo."

"Kitambi hakina watoto!"

Kauli hiyo iliingizwa kwenye muhtasari kama hoja isiyohusiana na ajenda.

Bhoke alimwendea Waitara, akamwomba aibonyeze tu, mara moja, Mwalimu akienda kula. Waitara alisema angependa sana, ila kila Mwalimu alipotoka kompyuta ilifungiwa ndani ya mtoto wa meza, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga ya Mwenyekiti. Siku ya kwanza baada ya hapo wakafika namba elfu moja na mia moja. Siku hiyo hiyo zikaingia mia tatu na ishirini nyingine. Rhobi, aliyekuwa hodari wa hesabu, alisema kwa mwendo huo watakifikia kitalu baada ya siku tisa.

Siku ya sita tangu arifa ya kitalu ifike, Bhoke alipanda bodaboda hadi Nyamisangura, mjini Tarime, kumtafuta Shamimu, mama wa duka la kuchapa na kutengeneza kompyuta, mtu aliyekuwa akisifiwa kwa ulimi mkali na mikono mepesi. Mvua ikakata barabara nyuma yake. Walirejea siku ya nane, wote wawili wamelowa hadi magotini, Shamimu amekishika kibegi chake juu ya kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una miadi na Kamati?"

"Sina. Nina njaa na nina baridi. Nionyeshe mashine."

Mwalimu alifungua ile droo, labda kwa sababu ya mshangao. Kompyuta ilipowaka, kona ikaanza kulia *ting, ting, ting*, kama kuku aliyefungiwa kwenye sufuria. Shamimu alitazama kwa kitambo, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama yangu, nani amewakaribisha hawa wote?"

"Mimi. Walibisha hodi."

Shamimu akaacha kucheka. Alivuta kiti, akaketi, akasema kwa upole ambao hakuna aliyeutarajia: "Hawa hawajabisha hodi, Mwalimu. Mimi nimefundishwa hodi mara tatu. Ukikosa jibu, unarudi ulikotoka. Mbisha hodi anasimama nje, unamwona uso, anakutajia ukoo. Hawa umewapa ufunguo, wakaleta na shemeji zao, wanakupigia kelele kitandani kwako. Huyo si mgeni."

"Na wale virusi kumi na watatu?"

"Hakuna virusi. Hilo ni tangazo la muuzaji. Ukibonyeza, ndipo unapowapata."

Mzee Mokami, aliyekuwa mlangoni akipisha mvua, alikohoa na kujifanya anatazama mawingu.

Shamimu akafungua mipangilio ya kivinjari, akateremka hadi kwenye arifa. Orodha ikatokea, tovuti sitini na tatu, zote zimeruhusiwa na mtu mmoja. Akaziondoa moja baada ya nyingine, Mwalimu akidai kila kuondolewa kusomwe kwa sauti ili kuwe na kumbukumbu. Mwishowe akabonyeza mahali palipoandikwa kwamba tovuti zisiruhusiwe tena hata kuomba. Akaacha moja tu, ile ya vitalu. Ofisi ikawa kimya. Ndipo watu wakasikia kumbe mvua ilikuwa kubwa kiasi kile.

"Sasa," alisema Bhoke. "Fungua letu."

Shamimu alifungua. Ombi la kikundi lilikuwa limekubaliwa. Chini yake iliandikwa: *Muda wa kuthibitisha umekwisha jana saa kumi jioni.*

Rhobi aliweka kalamu yake sakafuni taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Kulikuwa na mstari mwingine, wa herufi ndogo: *Mwombaji aliyechelewa kwa sababu isiyo yake anaweza kueleza, pamoja na jina la aliyesababisha.*

"Tuandike changamoto za mtandao," alisema Waitara haraka. "Hilo linakubalika kote."

"Mtandao haukukwama hata siku moja," alijibu Bhoke. "Ungekwama, tungepona."

Mwalimu Verdiana alisema maelezo hayo yangeandikwa na Kamati. Akaomba karatasi, akaandika kurasa nne: historia ya Kamati, misingi ya ukarimu, takwimu, mafanikio, na uhaba wa rasilimali watu. Shamimu alizipokea, akazipima mkononi.

"Kisanduku kinapokea maneno arobaini tu, Mwalimu."

"Arobaini? Hayatoshi hata utangulizi."

"Basi ruka utangulizi."

Mwalimu aliketi mbele ya mashine. Wanawake kumi na wanane walikuwa wakimtazama, na wengi wao aliwafundisha yeye. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Cheti chake cha mwaka 1974 hakikuwahi kumtesa vidole kama siku hiyo. Kilichobaki kwenye kisanduku kilikuwa hiki: *Arifa ilifika kwa wakati. Niliiweka nyuma ya maelfu ya arifa za kipuuzi nilizozikaribisha mwenyewe. Waombaji waliniambia siku ile ile. Sikuwasikiliza. Kosa ni langu. Verdiana, Mwenyekiti.*

Alihesabu maneno. Yalitosha, na mengine yakabaki. Alibonyeza Tuma, kisha akaifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, *ting* moja tu katika ofisi tulivu. Kitalu kilikuwa chao. Bhoke alikithibitisha kwa kidole chake mwenyewe, kigumu mno hata kitufe kikabonyezwa mara tatu. Wanawake wakapiga vigelegele, Waitara akapendekeza Kamati ipongezwe, na pendekezo lake likakosa wa kuliunga mkono.

Vigelegele vilipotulia, Bhoke hakuondoka.

"Mwalimu, bado kuna jambo. Siku kumi na mbili tulikaa sakafuni humu. Hukutuomba, ulituamuru."

"Kijiji hakina fungu la kufidia."

"Sikuuliza kijiji."

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, Mwalimu Verdiana alifika kilimani akiwa na nyundo aliyoiazima na kigoda chake mwenyewe. Walimpa kipande cha mpira uliokunjwa duara, wa kuzuia jiwe lisiruke, wakamwonyesha pa kukaa. Kamati ilikuwa imevunjwa usiku uliopita kwa kura moja, yake. Aliponda siku ya kwanza, akaponda ya pili akiwa na malengelenge. Ya tano hakuzungumza na mtu. Ya tisa alianza kuimba kwa sauti ya chini nyimbo walizoimba wanawake, akishika kiitikio kwa kuchelewa kidogo.

Jioni ya siku ya kumi na mbili alimimina ndoo ya mwisho na kuinyoosha migongo yake miwili, wa juu na wa chini, kama alivyouita. Bhoke alikuja, akachuchumaa, akachota kokoto kiganjani na kuziacha zipite kati ya vidole.

"Haya bado makubwa, Mwalimu."

"Nimeponda tangu alfajiri."

"Naona. Rudia."

Nyundo zote zilisimama. Mwalimu Verdiana alimtazama Bhoke. Akairudisha ndoo nzima ndani ya ule mpira, akajiweka sawa kwenye kigoda, akainua nyundo.