Nieves binti Evelio na Abiria wa Nne

Nipeni karatasi nyoofu isiyo doa, nipeni na wino mzito usiochuruzika, kisha sogeeni, enyi mlio karibu na ninyi mlio mbali, mliokula mkashiba na mnaongoja kupakuliwa. Viacheni vyombo sinkini, zinyamazisheni simu zenu, mkae kitako. Nataka kuwasimulia vita visivyomwaga kitu ila kahawa kidogo, vilivyopiganwa mjini Zaragoza, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, siku ya nane ya mwezi wa Desemba, baada ya chakula cha mchana, juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za ndimu. Majemadari wamevusha tembo milimani, mabaharia wameizunguka dunia wakarudi. Lakini ni nani miongoni mwao aliyewahi kuwakubalisha watu wa nyumba moja wasafiri pamoja wakati wa Noeli? Nauliza tu, na najua hamna jibu.

Alikuwako Nieves binti Evelio wa ukoo wa Sanromán, mwalimu wa hesabu, bingwa wa ratiba, mkunja-nguo asiyeacha kikunjo, mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa treni wala miadi ya daktari wa meno. Siku hiyo aliingia uwanjani na silaha tatu: kalamu ya risasi, kalamu ya wino wa buluu, na karatasi moja ya daftari la hesabu iliyokunjwa mara nne. Humo alikuwa ameandika safari ya siku kumi na tano, kutoka Toledo hadi Córdoba, kutoka Córdoba hadi Granada, kutoka Granada hadi Sevilla, na kila treni ameiandikia saa na dakika yake. Juu kabisa ya karatasi palikuwa na mstari wa abiria. Gonzalo, mumewe, aliandikwa kwa wino. Jimena, binti yao wa miaka minane, kwa wino. Nieves mwenyewe, kwa wino. Wa nne alikuwa baba yake, naye aliandikwa kwa risasi.

Kwa risasi, kwa sababu mzee Evelio alikuwa amekataa. Mkewe, Obdulia, alifariki mwezi wa Machi, na hii ilikuwa Noeli ya kwanza bila yeye. Mzee alikwisha kutangaza kwamba mkesha wa tarehe ishirini na nne atakaa mezani kwake, atakunywa supu yake, atazima taa na kulala, na wengine waende wanakotaka. Nieves alikijua kiti cha mama yake, chenye mto wa buluu, kilichotazamana na cha baba. Kila alipomfikiria mzee na supu yake mbele ya kiti kile, roho ilimwuma. Miji minne, treni saba, nyumba za kupanga zenye jiko lake, maana usiku ule hakuna mkahawa unaowasha moto. Yote hayo yalikuwa hila moja tu ya kumtoa baba mbele ya kiti.

Basi kama ilivyo ada ya mapumziko ya mwanzo wa Desemba, walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa mzee kupanga pango la Noeli, lile la sanamu ndogo za kuzaliwa kwa Yesu. Lilikuwa tayari juu ya kabati la sahani: kuvumwani mbichi, mto wa maji uliotengenezwa kwa karatasi ya fedha ya jikoni, wachungaji wa udongo, mwanamke wa udongo afuaye nguo mwaka hata mwaka na nguo hazitakati. Mamajusi tu hawakuonekana. Nieves aliliona hilo, akadhani baba amesahau, akarudi kwenye vita vyake.

Wa kwanza kutoka safuni alikuwa Gonzalo, shujaa wa meza, mbeba mabegi, mtu ambaye hakumbuki mji kwa makanisa yake bali kwa vyungu vyake. Alisimama na kipande cha turrón, halua ya lozi ya Noeli, mkononi kama mtu anayehutubia bunge.

“Sikilizeni, jamani. Mimi sidai milima, sidai bahari. Nimebeba mabegi ya ukoo huu miaka kumi na miwili na sijawahi kulalamika.”

“Jana ulilalamika,” alisema Nieves.

“Jana nilikuwa naeleza. Ninachosema ni hiki: mtu akifika Córdoba, akala mkia wa ng'ombe mara moja akaondoka, huyo hakufika. Alipita tu.”

Nieves alipiga hesabu upesi, akakata siku moja ya Toledo akaitia Córdoba, na Gonzalo akaridhika, akakaa chini na turrón yake. Mwenye njaa hupozwa kwa chakula, na jemadari mwenye akili hapotezi risasi kwa adui wa namna hiyo.

Ngome kubwa ilikuwa upande wa pili wa meza, ikimenya chenza. Mzee Evelio alikuwa mkuu wa stesheni kwa miaka thelathini na mitano. Alivaa kofia nyekundu, akapuliza filimbi, na treni zikamtii kuliko watoto wanavyomtii mwalimu. Nieves aliijua njia ya kuingilia ngome hiyo. Akaanza kusoma safari yake kwa sauti, polepole, treni baada ya treni, na kila baada ya mstari akimwibia baba jicho. Mzee hakuinua kichwa. Aliondoa utando mweupe wa chenza, uzi mmoja baada ya mwingine, akaupanga pembeni mwa sahani.

“Ratiba nzuri,” alisema mwishowe. “Nendeni salama. Mniletee kadi ya posta.”

“Baba, hujaitazama hata.”

“Nimetazama ratiba za kunitosha, mwanangu.”

Lango likafungwa. Nieves akamimina kahawa, ikamwagika juu ya ndimu za kitambaa, akaifuta. Wakati huo ndipo Jimena, aliyekuwa chini ya meza na kondoo wawili wa udongo, alipotoa kichwa.

“Mama, tarehe tano usiku tutakuwa wapi?”

“Sevilla. Kuna gwaride kubwa la Wafalme, utaokota peremende mpaka mikono ichoke.”

“Basi mimi siendi.”

Hapo, enyi wasikilizaji, ardhi ilitikisika. Usiku huo wa tarehe tano Januari ndio wanaopita Wafalme watatu, wale Mamajusi walioifuata nyota, na kuacha zawadi palipo na viatu vya watoto. Viatu vya Jimena viliwekwa kila mwaka kwenye roshani ya babu yake, hapohapo ghorofa ya tatu. Na barua yake alikwisha kuitumbukiza katika sanduku la Wafalme shuleni, Ijumaa iliyopita, akiwa ameandika anwani kwa herufi kubwa: nyumbani kwa Babu, mlango wa kushoto.

Gonzalo akajaribu kuokoa jahazi, akasema kwamba Wafalme wanajua kila kitu na hawashindwi kumpata mtoto Sevilla.

“Mwaka jana nilitaka kufuta baiskeli niandike darubini,” alisema Jimena. “Mama akaniambia barua ikishaingia sandukuni, hata Mfalme mwenyewe haibadilishi.”

Gonzalo akakohoa, akamtazama mkewe kama asemaye, hilo lako. Nieves aliyakumbuka maneno yake, kila neno na mahali pake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Yeye aliyehesabu dakika za treni saba alikuwa ameusahau usiku mmoja ambao mtoto wa nchi ile hamsamehei mtu.

“Nitabaki na Babu,” aliendelea Jimena. “Tutakunywa supu. Viatu nitaviweka mwenyewe.”

Jeshi likagawanyika nusu kwa nusu. Asubuhi Nieves alikuwa anatafuta abiria wa nne. Sasa alikuwa amempoteza na wa tatu. Nitasema wazi, kwa kuwa shujaa naye ana macho: alitaka kulia. Aliishika ile karatasi aikunje, yaishe.

“Lakini Babu,” alisema Jimena, akiwa amelisogelea pango, “mbona Wafalme hawajatoka? Wasipoanza kutembea leo hawafiki.”

Mzee Evelio akaiweka chenza mezani. Kwa miaka arobaini na minne Obdulia ndiye aliyewatembeza. Kila asubuhi, kabla hajaonja kahawa, aliwasogeza Mamajusi shibiri moja, kutoka kwenye rafu ya vitabu ukumbini, kupita juu ya redio, kupita ukingo wa dirisha, hata wakafika pangoni asubuhi ya tarehe sita, bila kuchelewa hata mara moja. Mumewe alipanga milima na mto, Wafalme hakuwagusa.

“Wako kwenye kopo lao,” alisema mzee. “Bibi yako ndiye mwenye kazi hiyo. Mimi sijui huwa anaanzia wapi.”

Hakuna aliyemsahihisha.

Ndipo Nieves binti Evelio alipofanya lile tendo ambalo kwa ajili yake mmeacha vyombo sinkini. Aliifungua tena karatasi, akachukua kalamu ya wino, akaifuta Sevilla yote, pamoja na gwaride na peremende zake. Mahali pake akaandika haraka haraka, kila treni na saa yake: Valencia, tarehe mbili. Teruel, tarehe nne. Zaragoza, tarehe tano, saa tisa alasiri. Kisha akaenda kabatini, akaleta kopo la biskuti lililokwaruzika, akalifungua mbele ya baba yake. Walikuwamo, wamefungwa kwa leso ya Obdulia: Melkiori, Gaspari, Baltazari mwenye shingo iliyogundishwa, na ngamia mmoja wa miguu mitatu.

“Baba,” alisema, “hawa wanatoka Mashariki, hawatoki kwenye rafu ya vitabu. Mama aliwatembeza humu ndani kwa sababu humu ndimo alimokuwa. Wewe watembeze nchi nzima. Leo mpaka siku ya safari, humu ukumbini. Halafu Toledo, Córdoba, Granada, Valencia, Teruel. Kila asubuhi kabla ya kahawa, hatua moja. Tarehe tano waingie Zaragoza, kama anwani ya barua ya Jimena inavyosema, wavikute viatu vyake hapohapo vilipo siku zote. Mimi siwezi kuwatembeza, nitawachelewesha kwa kuwahesabia dakika. Gonzalo atawasahau mkahawani.”

“Kweli,” alisema Gonzalo.

Mzee alimtoa Baltazari, akapitisha kidole gumba kwenye alama ya gundi shingoni, gundi aliyoipaka Obdulia mwenyewe mwaka ambao Nieves alimwangusha. Halafu akavaa miwani, akaivuta karatasi, akaanza kusoma.

“Hii Granada kwenda Valencia ameiandika nani?”

“Mimi, Baba.”

“Unabadilisha treni Madrid kwa dakika nane?”

“Dakika nane zinatosha.”

“Zinakutosha wewe. Kuna mtoto hapa, kuna Gonzalo na mabegi, kuna ngamia wa miguu mitatu. Nipe kalamu.”

Nieves akampa ile ya risasi.

“Siyo hiyo. Ya wino.”

Wapo wasemao kwamba zile dakika nane aliziacha makusudi, na kwamba binti wa mkuu wa stesheni hawezi kukosea hivyo. Aliulizwa baadaye, akacheka, asijibu. Mzee Evelio akazikata, akaandika saa moja na robo, akapiga mstari chini yake kwa namna ambayo treni za zamani zingesimama zenyewe. Akapanda na kalamu juu ya karatasi, mji baada ya mji, akinung'unika, akirekebisha, hata akafika kwenye mstari wa abiria. Hapo akaliona jina lake, limefifia. Alilitazama. Kisha akalipitia kwa wino, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka.

“Dirishani,” alisema. “Na niwe natazama mbele. Sipendi kwenda kinyumenyume.”

Baadaye aliinuka, akautoa ule mto wa buluu kitini, akaupangusa, akaukabidhi kwa Gonzalo autie begini, kwa maelezo kwamba viti vya treni ni vigumu. Gonzalo, mbeba mabegi wa miaka kumi na miwili, aliupokea kwa mikono miwili na hakueleza chochote. Jimena aliwasimamisha Wafalme kwenye rafu ya vitabu, kisha babu akamwonyesha shibiri moja ni ndefu kiasi gani.

Basi waandike waandikao na wahifadhi wahifadhio: siku ya nane Desemba, saa kumi kasorobo alasiri, bila upanga, bila mzinga, bila hata kupandisha sauti, Nieves binti Evelio, mshindi wa miji mitano na mwangushaji wa Sevilla, aliteka jina moja kutoka risasi hadi wino. Vizazi vitakavyokuja viulize palikuwa na abiria wangapi, na vijibiwe: walikuwa wanne, na Wafalme watatu, na ngamia. Kahawa ilikuwa imepoa zamani, wakainywa hivyohivyo.