Uzinduzi wa Dirisha la Bei Isiyozidi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye nimearifiwa asubuhi hii kwamba ni mimi mwenyewe, baada ya yule wa awali kupata dharura ya kikazi katika hoteli moja mjini. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Ukomo wa Ada za Ripoti za Mikopo. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo, kamati ndogo zaidi na kikosi kazi. Wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wanaowakaimia makaimu. Mshereheshaji wetu, ambaye ni shemeji yangu lakini tenda aliipata kwa sifa zake. Mabibi na mabwana, na ninyi wananchi mliosimama huko juani: nawasalimu nyote, na kama yupo niliyemruka, basi ajitaje mwenyewe kimoyomoyo kwa cheo anachokipenda. (Makofi kutoka kwenye hema la viti vyenye mito.)

Ndugu zangu, ripoti ya mkopo ni karatasi inayoonyesha ulikopa wapi, ulilipa lini, na kama unaaminika au huaminiki. Inaandikwa kukuhusu wewe, inatunzwa kwa faida yako wewe, na inasomwa na kila benki isipokuwa wewe. Zamani, kabla sijateuliwa kuwa Mwenyekiti wa kamati hii, mwananchi akitaka kuiona alitozwa kiholela: huku elfu mbili, kule elfu tatu, na kulikuwa na karani mmoja mtovu wa nidhamu aliyekuwa akiwaonyesha watu bure kabisa. Huyo tumemhamisha. Ndipo kamati yangu ikakaa, ikasafiri kwenda kujifunza kwa wenzetu, ikarudi, ikachoka, ikakaa tena kwenye wekshopu na mastekiholda wote muhimu, ukiwaacha watumiaji, ambao tuliona tusiwasumbue, na baada ya mchakato shirikishi wa viwango vya kimataifa tukaja na framiweki inayotamka kwamba kuanzia leo hakuna ofisi, narudia, hakuna ofisi itakayomtoza mwananchi zaidi ya elfu kumi. (Makofi hemani.)

(Sauti ya mwanamume kutoka juani: "Si ilikuwa elfu mbili?")

Nimesikia. Mwenzetu ameuliza swali la kitaalamu na nitamjibu kitaalamu. Ukomo ni kama dari ya nyumba, huwezi kuiweka usawa wa magoti. Lazima iwe juu ili ofisi zipate mahali pa kupumulia. Na nina furaha kuwaarifu kwamba ofisi zote zimeitikia wito na kupanda hadi kwenye ukomo siku ile ile tulipoutangaza, bila kusukumwa na mtu. Huo ndio uzalendo tunaoupigia kelele kila siku. (Kicheko juani. Mheshimiwa anakipokea kwa kupunga mkono.)

Hiyo elfu kumi, kwa taarifa yenu, ni ya ukurasa wa kwanza, wenye jina lako na nembo yetu ya rangi. Ukurasa wa pili, wenye madeni yenyewe, una ada yake, nayo ina ukomo wake. Kadhalika ada ya kuwasha kompyuta, ada ya wino, na ada ya kumsubiri karani arudi kutoka chai. Hamtaikuta ada isiyo na ukomo hata mkiitafuta kwa tochi. Idadi ya ada ndiyo tumeiacha huru, maana hatukutaka kuua ubunifu.

(Mama mmoja, fundi cherehani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, amepenya hadi kwenye kamba inayotenga hema na wananchi. Binti yake yuko nyuma yake. "Samahani, Mheshimiwa," anasema mama. "Mimi wameniandika kwamba nimekopa pikipiki na sikulipa. Pikipiki hata kuendesha sijui. Benki wanataka ripoti iliyosahihishwa leo, kabla hawajafunga, la sivyo mkopo wangu wa vyerehani wanampa mwingine. Na wanangu nimeshawaachisha kazi walikokuwa, tuanze pamoja. Naomba nionyeshwe tu hiyo ripoti, nijue pa kuanzia.")

Mama yangu, pole sana, tena pole ya kutoka moyoni. Ndugu wananchi, mkimtazama mama huyu mnaona nini? Ninyi mnaona tatizo. Sisi wa ngazi ya sera tunaona kiashiria. Mpiga picha, njoo umchukue mama kutoka upande huu, na dirisha letu jipya la kutolea ripoti lionekane nyuma yake. Mama, tabasamu kidogo. Siyo hivyo, tabasamu kama mtu aliyekwisha kuhudumiwa.

("Dirisha lenyewe limefungwa, Mheshimiwa.")

Halijafungwa, mama, linasubiri kuzinduliwa. Mshereheshaji, mkasi. (Anakata utepe wa uzinduzi. Dirisha linayumba, wanaume wawili wanalidaka. Mama anasogea, anafungua kioo, anaingiza mkono, anautoa. "Mheshimiwa, huku nyuma ni ukuta." Binti anamvuta kanga: "Mama, twende benki tukawabembeleze, hapa tunapotezewa muda." Mama anamwambia: "Niende na nini, mwanangu? Nikawaambie nimeona ukuta?")

Mambo ya ukuta, mama, yako katika awamu ya pili, na nisingependa tuingilie awamu ambayo haijatengewa bajeti. Nirudi kwenye takwimu. Hadi sasa tumewafikia walengwa kwa asilimia mia na nne, zile nne za ziada zikiwa akiba endapo mkaguzi atazikataa baadhi. Kuridhika kwa wateja kumepanda maradufu tangu tuache kuwauliza. Mimi binafsi nimefanya kazi hii bila kulala, jambo ambalo mke wangu analishuhudia na posho yangu ya usiku inalithibitisha. (Makofi hemani.)

Sasa tuseme pamoja. Nikisema Ukomo, mnaitikia Unafuu. Ukomo. (Hemani: "Unafuu." Juani mtu anapiga chafya.) Mwananchi kwanza. (Hemani: "Kwanza." Juani: "Kwanza kulipa.") Ahsanteni, mmeitikia vizuri.

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wenye duka hili la dobi kwa kutupatia ukuta wao wa nyuma tuliouegeshea dirisha. Namshukuru fundi seremala aliyetuazima dirisha, na namhakikishia litarudi karakana jioni hii, najua lina mteja wake. Nawashukuru wataalamu wa mfumo wetu wa kisasa, ambao tutawaajiri mara tu mfumo utakapobuniwa. Naishukuru kanuni ya ukomo, ambayo haijaandikwa bado, lakini ofisi zimeshaanza kuitii. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru mama yangu fundi cherehani. Picha yake imeshatumwa kwa wafadhili, na ameingia kwenye taarifa ya utekelezaji kama mwananchi wa kwanza kuonyeshwa ripoti yake akaridhika. Na kwa kuwa mwongozo unamruhusu kila mtu kuhudumiwa mara moja tu kwa mwaka, mama, tutaonana mwakani. Chakula kiko tayari, kwa wale wa hemani. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi hemani. Juani, binti anamwambia mama yake kwamba benki imeshafunga.)