Mnadishaji wa Sadaka na Tiba ya Nafsi

Jumanne, 15 Julai 2025

Nimerudi Kisongo na cheti! Semina ya Lemara, tiba ya nafsi ya kichungaji. Mwezeshaji alisema mshauri husimama mguu mmoja kwenye saikolojia, mwingine kwenye teolojia. Bahati nzuri nina miguu mirefu. Mchungaji Elisaria anatafuta mshauri wa usharika; ofisi ipo tayari, pazia jipya. Mpinzani wangu ni Sabina wa Kijenge, mwenye digrii ya saikolojia. Digrii! Mimi ni mwinjilisti, na kila Jumapili baada ya ibada ndiye ninayenadi sadaka za mazao na mifugo. Nani anawajua watu kunishinda?

Alhamisi, 17 Julai

Mteja wa kwanza! Lemburis, jirani yangu. Tangu kaka yake afariki analia zizini, mkewe Nosim asijue. Mwanaume wa rika lake, analia! Aliniapisha nisimwambie mtu. Sabina angesema nisikilize tu. Nikasikiliza, nusura nipasuke. Kisha nikasoma zaburi, nikaomba kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwangu ni kazi nzito. Akashusha pumzi. Akasema kifua kimekuwa chepesi, Jumapili atatoa beberu wa shukrani. Saikolojia na teolojia kwa mkupuo mmoja! Nilijipongeza kwa soda.

Jumapili, 20 Julai

Beberu mzuri, wanunuzi wamepoa. Mchungaji anatazama. Sabina anatazama. Nikaona ndiyo nafasi yenyewe. Nikatangaza kwamba huyu si beberu wa kawaida, ni matunda ya ushauri wangu: mwenye beberu alikuwa analia zizini, sasa kapona. Jina sikutaja. Siri ni siri! Ila beberu yule Kisongo nzima inamjua. Watu wakageuka. Nosim akamtazama mumewe. Mnada ukachangamka kwelikweli. Baadaye Lemburis alinifuata nyuma ya kanisa, macho chini.

"Mwinjilisti, nilikuambia wewe peke yako."

Nikamkumbusha kwamba jina sikutaja. Aliondoka bila kuaga. Iliniuma, kidogo.

Jumatatu, 21 Julai

Ofisi kapewa Sabina. Wateja wake wa kwanza ni Lemburis na Nosim, wameingia pamoja. Mchungaji kaniambia kwa upole kwamba watu wanahofia sitawatunzia siri. Mimi! Majungu matupu. Lazima nijisafishe. Jumapili ijayo, kabla ya mnada, nitasimama niwataje wote niliowahi kuwatunzia siri, mmoja mmoja, pamoja na siri zenyewe, ili waone nilivyozitunza.