Ndugu wa Kwenda Naye kwa Daktari

Jumatatu, 3 Machi
Majibu ya kipimo cha tezi dume yametoka. Daktari hakunipa. Kasema nirudi Jumatano na ndugu. Ndugu! Mke wangu Romana yuko makaburini mwaka wa tatu. Binti yetu Angela anafundisha Tabora, hajaja tangu mazishi. Simwambii. Nataka aje kwa kunikumbuka, si kwa kunihurumia. Nimepika tena wali wa watu wawili. Mkono haujazoea.

Jumanne, 4 Machi
Hila imepatikana! Makoye, jirani mfugaji, atakuwa mdogo wangu kwa saa moja. Mimi Mpimbwe, yeye Msukuma. Tutasema baba mmoja, mama tofauti. Nimemfundisha mchana kutwa. Biopsi: kinyama kidogo kinachokatwa kikapimwe. Hatua: ugonjwa umefika wapi. Kwenye tibakemikali, dawa kali za kuua uvimbe, akasinzia. Kusambaa ndiko kulikomwamsha. Akauliza kama ni ng'ombe kuvunja zizi. Nikamwambia mfano huo si wa kitaalamu. Alibaki kula. Wali umeisha wote.

Jumatano, 5 Machi
Aibu! Nilikwenda na maswali kumi na manne, yameandikwa kwa wino. Sikusoma hata moja. Makoye akavua kofia: "Samahani daktari, ng'ombe wamevunja zizi, au bado wamo?"
Daktari akacheka, akasema wote wamo. Ni saratani, hatua ya kwanza, haijasambaa. Inatibika. Nitapelekwa hospitali ya rufaa, ila lazima niwe na mtu wa kunisindikiza. Makoye alinishika mkono mpaka kwenye bajaji. Nilimwacha anishike.

Alhamisi, 6 Machi
Msaliti! Makoye kampigia Angela. Namba kaiona kwenye kalenda yangu ukutani, siku ile ya wali. Angela kanipigia analia, anauliza kwa nini namficha. Anakuja na treni keshokutwa. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Ijumaa, 7 Machi
Hila mpya, safi kabisa. Nitamwambia Angela kwamba Makoye hakuelewa, ni ngiri tu. Nimemwita Makoye, somo limeanza. Ngiri: utumbo unasukuma nyama na kutokeza. Akauliza kama ni ng'ombe mmoja anayechungulia nje ya zizi. Si kitaalamu, nikamwambia. Anasikiliza, anakula, hajaahidi chochote.
Nimepika wali wa watu watatu. Najaribu sufuria tu.