Mke wa Pili wa Baba Mwende

Wasee, leo nimeaibika. Wacheni hiyo drafti kidogo mnisikilize. Na kabla sijaanza, mtu asinicheke, kwa sababu bado masikio yananiwaka.

Mnakijua kile kitabu changu cha kusoma viganja? Kile nilinunua pale chini, kwa jamaa wa vitabu vya mitumba, hakina jalada. Kusoma Mkono kwa Anayeanza. Nimekisoma wiki mbili, kila lanchi, nimekalia magunia pale kazini. Mstari wa moyo, mstari wa akili, mstari wa maisha, yote iko kichwani. Utangulizi tu ndio niliuruka. (Nani husoma utangulizi?)

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kuonekana kwa wazazi wa Mwende, mchumba wangu, hapo mtaa wa Mbotela. Mara ya kwanza. Mwende alikuwa amenionya: "Baba hana neno na mtu maskini. Lakini muongo hamtaki hata mlangoni." Nikamwambia asijali. Shida ni kwamba nilishamwambia aseme kwao mimi ni karani wa stoo huko Industrial Area. Mwende anajua mimi ni mtu wa kibarua, napakia magunia ya unga. Akaniambia, "Hiyo utaisema mwenyewe, mimi simo." Basi nikapiga pasi shati jeupe, nikaweka kalamu mbili mfukoni. (Mbili! Karani gani hubeba moja?)

Nikafika saa saba na nusu. Baba Mwende ni mchongaji. Nilimkuta nje ya mlango amekalia kigoda, anapaka twiga wa mbao rangi nyeusi ya viatu ndiyo ang'ae. Mikono yote myeusi. Nikamwamkia, nikajitambulisha kama karani wa stoo, akaninyooshea kifundo cha mkono, vile mtu hufanya akiwa mchafu. Nami kwa heshima nikakishika kwa mikono miwili, nikakibana vizuri kabisa. Akaniangalia. Akasema, "Karibu, karani."

Tukaingia ndani. Mzee akajifuta na kitambaa. Mama Mwende alikuwa anamalizia chapati, nyumba yote inanukia ndengu. Mambo yalikuwa sawa kabisa mpaka nikainama kuchukua kikombe cha chai, na kile kitabu kikaanguka kutoka mfukoni.

"Hicho ni cha nini?" Mama akauliza.

"Cha kusoma mikono, Mama."

"Ai! Uganga?"

"Hapana, Mama. Ni elimu." (Hapo ndipo ningenyamaza.)

Mzee akacheka, akanyoosha kiganja. "Basi soma, karani. Tuone umesoma mpaka wapi."

Wasee, si mnanijua? Nikakikunja kile kiganja, nikakigeuzageuza kwa dirisha kama daktari. Nikamwambia ana maisha marefu. Mama akasema asante Yesu. Nikamwambia ana kichwa kigumu. Mama akasema hiyo hata bila kitabu anaijua. Walikuwa wanacheka, Mwende anacheka, na mimi nikaona nimeshafika! Nikakosa breki.

Kitabu kinasema mistari ya ndoa iko pembeni, chini ya kidole cha mwisho. Nikaangalia. Mmoja huu hapa, mdogo. Halafu chini yake mwingine, mrefu, mweusi, umekolea kuliko wa kwanza. Nikasema kwa sauti ya mwalimu:

"Mzee, hapa naona ndoa mbili. Na hii ya pili ndiyo ina nguvu."

Kicheko kikakatika. Hata ndengu zilinyamaza.

Mama akaweka chini mwiko wa chapati. "Ya pili?"

"Kitabu ndicho kinasema, Mama," nikajitetea.

"Kumbe! Na zile safari za kupeleka vinyago Mombasa, unalala wiki nzima?"

"Mama Mwende, tafadhali..."

"Mimi siongei na wewe. Karani, anaitwa nani?"

Jamani! Mwende ananikanyaga mguu chini ya meza. Jasho linanitoka mpaka kwenye kalamu. Nikaanza kutafuta kwenye kitabu mahali pa kufuta ndoa. Hakuna!

Bahati, au balaa, chakula kilikuwa tayari. Mwende akaleta beseni na jagi ili tunawe. Akaanza na baba yake, akammwagia maji. Mzee akasugua kwa sabuni, taratibu, maji yakawa meusi. Akakiinua kiganja, akakiangalia pembeni, chini ya kidole cha mwisho. Palikuwa na kovu dogo la patasi, jeupe, basi.

"Mama Mwende," akasema, "mke wangu wa pili ameenda na maji."

Mama akaushika huo mkono, akauangalia, akaanza kucheka hadi akajishika kiuno. Rangi ya viatu, wasee! Imejaa kwenye kovu! Mimi nimemuoza mzee mzima kwa rangi ya viatu!

Nilidhani hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kumbe zamu ya kunawa ilikuwa imenifikia. Nikanyoosha mikono juu ya beseni, na Mama akanidaka kidole. Akageuza kiganja. Akabonyeza sugu zangu za magunia moja moja.

"Hata mimi nisome. Karani wa stoo, hebu niambie, kalamu ya huko kwenu ina kilo ngapi?"

Zile kalamu mbili mfukoni zilikuwa zinaniangalia. Nikasema, "Ni kilo tisini, Mama. Huwa naibeba mgongoni. Mimi ni kibarua. Nilidanganya, naomba mnisamehe."

Niliogopa kumwangalia Mzee. Nilijua nimempoteza Mwende, na chapati bado sijaonja. Mzee akakausha mikono yake pole pole.

"Mimi nilijua mlangoni," akasema. "Uliponishika kifundo nilifikiri ni msasa. Nilikuwa nakungoja tu uiseme mwenyewe. Umechelewa, lakini umesema. Kula."

Nikala chapati tano. (Sita.) Baadaye akaniketisha pale nje, akanipa twiga wawili niwasugue, akasema mkono wangu unamfaa kuliko msasa wa dukani. Jumamosi ijayo nirudi, kuna viboko kumi na wawili wa kusugua. Mwende alinisindikiza mpaka barabarani akicheka njia nzima, na sikumkataza.

Nimefika nyumbani nikafungua ule utangulizi. Mstari wa kwanza kabisa: "Kabla ya kusoma mkono wa mtu, mwambie aoshe."

Sasa wewe unayecheka hapo nyuma, lete mkono. Na unawe kwanza.